Kompyuta Kumi na Tatu Zisizo na Saa

Nianze na lililo langu, maana hakuna atakayenisemea. Nilifika Maskati nina miaka kumi na tisa. Kiarabu changu kilikuwa cha chuoni, cha kusomea msahafu, si cha kununulia mkate. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kubeba makartoni ya printa kutoka kwenye lori hadi kwenye ghala la tajiri mmoja, mtaa wa Ruwi. Leo nna duka langu Al Khuwair, nyuma ya majengo ya wizara, na wakubwa ambao hawapokei simu ya mtu hupokea yangu, kwa sababu mashine zao zikilala ni mimi ninayeziamsha. Diploma yangu ya elektroniki niliisomea jioni miaka minne huku mchana mgongo unabeba makartoni. Nimeitundika nyuma ya kaunta, juu kidogo ya macho ya mteja, ili ainue shingo. Sioni haya. Wengine walirithi, mimi nilijijenga mwenyewe.

Sentensi hiyo ya mwisho nimeisema mara nyingi mbele za watu. Siku hizi kila nikiisema namwona mtu mmoja anatengeneza mtandio wake kimya kimya.

Mtu huyo ni dada yangu. Ananipita miaka kumi na miwili. Mama alipofariki Unguja nilikuwa bado navua viatu nikavisahau njiani, na yeye ndiye aliyenilea. Ndiye aliyetangulia kuja huku, ndiye aliyeniita. Alisomesha hesabu, kisha kompyuta, katika skuli moja ya binafsi ya wasichana, mtaa wa Al Khoudh. Umri wa kustaafu ulikuwa umeshampita, lakini skuli ilimbakisha kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja, kwa ajili ya kipindi hicho cha kompyuta tu, kwa sababu hakuna mwalimu mwingine aliyekuwa na subira nacho.

Halafu kompyuta za darasa lake zikaanza kufa, moja leo, moja wiki ijayo, kama kuku wa kideri. Kamati ya wazazi ikakaa ikaamua: kompyuta mpya kubwa hazinunuliwi, ila mwalimu atafute vifaa vya bei nafuu vya kufundishia, na mwisho wa muhula kamati itakuja kuona watoto wamefanya nini. Ikiridhika, kipindi kitaendelea. Isiporidhika, nafasi yake itachukuliwa na Kifaransa.

"Na mie," dada aliniambia siku ile aliyokuja dukani, akakaa kwenye stuli ya wateja, "Kifaransa sikijui. Ukitaka kunitoa skuli, niletee Kifaransa."

Alikuwa anacheka, lakini mkoba wake alikuwa ameukumbatia.

Nikamwambia asiwe na shaka, amekuja kwa mwenyewe. Nikamfafanulia kuwa siku hizi zipo kompyuta za bodi moja, yaani kompyuta nzima, ubongo wake na kumbukumbu yake na matundu yake ya waya, imepangwa juu ya kipande kimoja cha bodi kisichozidi kadi ya benki. Unachomeka kibodi, unachomeka televisheni kuukuu iwe skrini, unatia memori kadi, unawasha kwa chaja, mtoto anaandika programu. Na televisheni kuukuu mtaani kwangu Bawshar hazina idadi. Nyumba zile kila Idi zinabadilisha televisheni kama mapazia.

Baada ya siku chache nilimpangia tatu juu ya kaunta. Ya kwanza ilikuwa na nguvu nyingi, lakini inapata moto hadi inataka feni yake, na bei yake iliiondoa pale pale. Ya pili ilikuwa ya wastani. Ndiyo inayotumika skuli nyingi duniani, masomo yake yameandikwa tayari, na mtu akikwama anapata jibu. Ina saa yake ndani na pahala pa kutia kibetri. Ya tatu ilitoka kiwanda ambacho hata mimi jina lake nalisoma kwa taabu. Kwenye karatasi tarakimu zake zilikuwa kubwa kuliko za ile ya pili, na bei ilikuwa ya chini sana. Kwa fungu la kamati tungepata nane za ile ya pili, au kumi na tatu za ile ya tatu.

Dada alivaa miwani. Aliichukua kila moja, akaigeuza kama mtu anayechagua samaki.

"Mtoto akikosea, inakufa au inaanza upya?"

"Inaanza upya, dada. Zote."

"Hii waya wake unaingia kwa nguvu. Wangu wana vidole vya miaka kumi na mbili."

"Watazoea."

"Na hii ya tatu, masomo yake yako wapi?"

"Mimi hapa ndiye masomo yake."

Akanitazama juu ya miwani. "Ina saa?"

"Saa ya nini? Kila mtu ana saa kwenye simu. Bodi ikipata intaneti inachukua saa yenyewe."

"Bodi zetu hazitapata intaneti. Mudira hataki watoto wawe na intaneti darasani." Mudira ni mwalimu mkuu, ndivyo tunavyomwita huku sote. "Mie naona hizi nane, mdogo wangu. Nane zinazoeleweka. Watoto watatu watatu, wengine wanne."

"Una wasichana ishirini na sita. Kumi na tatu ni wawili wawili, hakuna anayekaa bure. Kamati ikiingia ikaona meza kumi na tatu zinawaka, imekwisha hiyo. Watu wanahesabu kwa macho."

"Wewe ndiye unayehesabu kwa macho."

"Mimi ndiye mwenye diploma," nikasema.

Nilisema kwa mzaha, na alicheka. Tangu nilipoipata alikuwa akiniita Bwana Diploma, na mwenyewe nilipenda. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio. "Haya, Bwana Diploma. Kumi na tatu."

Nilizitayarisha kwa mikono yangu. Kwa kuwa najua watoto, nilizifunga zote kwa paswedi yangu, ili asiwepo wa kwenda kuchokoa mambo ya ndani. Dada aliiomba ile paswedi. Nikamwambia hiyo ni ya fundi.

"Na zikituharibikia?"

"Mnanipigia."

Siku ya kuzikabidhi nilivaa dishdasha mpya, kanzu ya huku, nikafunga kilemba changu kizuri. Mudira alitukirimu kahawa na tende, akaniuliza elimu yangu nimeipatia wapi. Nikamweleza habari ya makartoni, na miaka minne ya jioni. "Sikusaidiwa na mtu," nikamwambia kwa Kiarabu safi. "Nilijijenga mwenyewe." Mudira akasema mashallah. Dada alikuwa amekaa pembeni yangu, na ndipo alipoutengeneza ule mtandio. Kwa miaka minne ile alikuwa anarudi kutoka kusomesha watoto wa watu, anapika, ananisubiri, kisha tunakaa mezani yeye na mimi na kitabu cha hesabu za umeme ambazo alijifunza yeye kwanza ili apate kunifundisha. Mimi nilikuwa nasinzia, naye ananigonga kichwa kwa penseli. Hayo sikuyasema kwa mudira. Wallahi sikuwa nimekusudia kuyaficha. Katika hadithi yangu hayakuwa na pahala pa kukaa.

Watoto wa darasa la dada walizipenda bodi zile. Nilikwenda mara moja nikawaona, wawili wawili, wameinamia televisheni za Bawshar, wanagombana kwa kunong'ona. Walibuni jambo lao wenyewe: kengele za skuli. Skuli ilikuwa na madarasa kumi na matatu, kila jozi ikapewa darasa moja, na bodi ya kila darasa ingetangaza mwanzo na mwisho wa kila kipindi kwa sauti waliyoirekodi wenyewe. Mmoja alitangaza kwa sauti nzito kama msomaji wa habari. Mwengine hakuweza kumaliza bila kucheka, na dada alimwachia na kicheko chake. "Hiyo ndiyo nzuri," alisema. "Watoto wajue kipindi kimekwisha kwa furaha."

Kengele bila saa, bila shaka, ni kelele tu. Bodi zangu zilikuwa na tabia hii: ukizizima, saa yao inasimama pale pale, na ukiziwasha siku ya pili zinaendelea pale zilipoachia, kama mtu aliyekatizwa maneno. Nilikuwa nikipita kila nilipoweza kuzirekebisha kwa ile paswedi yangu. Mwisho dada akasema: "Hili si jambo la kuendea na kurudi. Nilikuuliza mwanzo ina saa." Nikaagiza visaa vya kuchomeka, vidogo kama punje ya mbaazi, kila kimoja na betri yake. Hiyo ndiyo saa ambayo ile bodi ya pili ilikuwa nayo tangu kiwandani, lakini sikulisema hilo.

Sasa kuna jambo la Ijumaa moja ambalo lazima nilieleze. Tulikuwa nyumbani kwangu Bawshar, chakula kimekwisha, nami nahadithia kisa ninachokipenda. Wanaojua wanajua: saa ya Kiswahili na saa ya Kiarabu zinapishana saa sita. Kwetu jua likishachomoza ni saa moja. Kwa Mwarabu ni ya saba. Basi kijana mmoja, mgeni kutoka Pemba, bosi wake alimwambia afike saa mbili, kwa Kiarabu, yaani baada ya adhuhuri. Naye akafika asubuhi, saa mbili yake ya Kiswahili, akakaa kwenye ngazi mpaka jua likamzunguka. Watu wakacheka, na mimi nikatia hitimisho langu: "Mgeni humjui kwa kofia wala kwa kanzu. Mjue kwa saa. Mimi saa yangu imeshahama zamani. Hata ndoto naota kwa Kiarabu."

"Maskini," dada akasema, anamenya chungwa. "Basi hata marehemu mama akikujia, utamtaka mkalimani."

Mke wangu alicheka mpaka akatoka kwenda kufuta macho. Nami nilicheka.

Visaa vilifika siku moja kabla ya kamati. Nilikuwa kwenye barabara kuu natoka Al Khuwair, magari yamebanana, dada akapiga.

"Vimefika?"

"Vimefika, viko mfukoni."

"Alhamdulillahi. Kesho njoo saa tatu. Wazee wanaingia saa nne, nataka uwe umeshavitia vyote. Saa tatu, mdogo wangu, usinitie aibu."

"Saa tatu," nikasema. "Khalas."

Nikakata. Mkono kwenye usukani, nikaiambia simu kwa Kiarabu, kama ninavyoiambia kila siku mambo ya kazi: nikumbushe kesho, saa thalatha. Tatu ni thalatha. Mtoto wa chuoni anajua. Simu ikajibu kwa adabu kwamba imesikia.

Sikufikiri. Nimeulizwa na mke wangu, nimejiuliza mwenyewe: hukufikiri kwamba mchana wa saa tisa skuli imefungwa? Nilifikiri, na nikapata jibu: kamati ni watu wa kazi, wanakutana baada ya kazi. Kichwa chenye diploma hakikosi jibu.

Asubuhi yake nilikuwa na kazi katika wizara moja, ndani ya chumba cha mashine ambako simu hairuhusiwi. Unaiacha kwenye kisanduku mlangoni. Nilitoka mara moja kunywa chai ya maziwa na mkubwa mmoja wa pale. Nikaifungua simu, nikaona dada amepiga mara saba. Nikatabasamu. Nikamwambia yule mkubwa, huyu ni dada yangu, mtu wa wahaka, ana shughuli mchana tangu sasa hivi ananihangaikia. Mbele yake, kikombe mkono mmoja, nikaandika: "Bado mapema dada. Ntakuja." Nikairudisha simu kwenye kisanduku, nikaingia ndani.

Nilipomaliza kulikuwa na simu moja tu nyengine iliyopotea, yake, ya dakika chache baada ya ujumbe wangu. Baada ya hapo hapakuwa na kitu. Nikaona ameshatulia. Nikaendesha hadi Al Khoudh, nikasimamisha gari mbele ya skuli kabla ya saa tisa kwa dakika kumi, najisifu kwa kuwahi.

Geti lilikuwa limefungwa nusu. Ndani alikuwepo mwanamke mmoja anafagia ngazi, msafishaji wa skuli, mtu wa Tanga ambaye dada alipenda kuzungumza naye. Aliniona akanyooka na ufagio wake.

"Kaka, unamtafuta nani?"

"Dada yangu. Mwalimu wa kompyuta. Nna miadi, kamati inakuja."

"Kamati?" Alinitazama dishdasha yangu juu mpaka chini. "Wewe ndiye yule fundi?"

"Ndiye mimi."

"Ee Mola. Kaka, watu wameshaondoka. Kamati imekuja asubuhi. Mwalimu ameshakwenda zake."

"Asubuhi vipi? Kaniambia saa tatu."

"Si ndiyo hiyo saa tatu? Saa tatu asubuhi tulikuwa tumeshapanga viti." Kisha nikaona anaelewa, na uso wake ukawa unataka kucheka na kuona huruma kwa pamoja. "Kaka. Saa tatu yetu, au saa tatu ya Waarabu?"

Mkono wangu ulikuwa mfukoni. Vile visaa vilikuwa ndani ya kijaluba, vyote kumi na tatu, na nilivihisi vinagongana.

Ni yeye aliyenieleza, kwa sababu alikuwepo, anapitisha kahawa. Wazee wa kamati waliingia, wanne na mudira, wakakaa. Wasichana wamesimama wawili wawili. Dada akasema kengele zao zitatangaza mwisho wa kipindi cha tatu sasa hivi. Lakini kila bodi ilikuwa imesimama na saa yake ya siku iliyozimwa, na siku hazikuwa sawa. Ya kwanza ikatangaza mwisho wa masomo, nendeni nyumbani. Nyengine ikatangaza mapumziko. Yule msichana wa kicheko sauti yake ikatoka katikati ya maneno ya mudira, inacheka. Mzee mmoja akauliza, kwa utani tu, skuli hii inasomesha saa ngapi. Wasichana wawili wakaanza kulia. Dada akataka kuzirekebisha mwenyewe, alikuwa anajua namna, alinitazama nikifanya mara nyingi. Bodi zikamtaka paswedi.

"Akasema, subirini, ndugu yangu yuko njiani," yule mwanamke aliniambia. "Akasema wewe ni mtaalamu, una diploma. Wakasubiri, kaka. Wale wazee si wabaya, wamesubiri kweli. Halafu simu yake ikalia, ujumbe. Akausoma. Sijui umeandikwa nini. Akakupigia tena, hukupokea. Akaizima simu, akawaambia, samahanini, mushkila, ndugu yangu hatawahi."

Nilikwenda kwake. Anakaa si mbali na skuli, ghorofa ya pili. Alinifungulia mlango, akanipa maji, akakaa upande wa pili wa meza. Kwa muda tulikuwa kama wakati ule wa kitabu cha hesabu, ila hapakuwa na kitabu.

"Hapana tabu," alisema.

Nikaanza kueleza. Gari, simu, chumba cha mashine. Nikamweleza ile thalatha. Nilidhani atacheka, maana kisa kilikuwa kile kile changu cha Ijumaa, kimenigeukia mimi.

"Mie nilikwambia saa tatu," alisema.

"Najua, dada. Nikaitafsiri."

"Ukaitafsiri." Alilirudia neno kama mtu anayekigeuza kitu alichokiokota. "Mie nikisema nawe, unanitafsiri?"

Nikaizungusha gilasi yangu juu ya meza.

"Tangu lini?"

"Dada, ilikuwa mara moja tu. Barabarani, mawazo yangu yako kazini."

"Mie nazungumza nawe kwa lugha niliyokulea nayo. Nadhani inaingia moja kwa moja, kama maji. Kumbe inapita kwa watu kwanza." Alisimama, akachukua gilasi yangu, bado ina maji nusu. "Haya. Bado mapema, uliniandikia. Nenda kapumzike."

Alisema bila ukali. Laiti angenigonga kwa penseli.

Nilikwenda kwa mudira siku ya pili, na kilemba changu, na visaa vyangu. Nikaomba kamati irudi, nikaeleza kosa ni langu. Alinisikiliza kwa heshima. Akasema kamati imekwisha kukaa, watu wana shughuli, na ukweli ni kwamba kifaa kinachomtegemea mtu mmoja wa nje hakiwafai watoto. Maneno hayo hayo dada aliyasema dukani, kwa lugha nyengine: nane zinazoeleweka. Nilikuwa na diploma ukutani kwangu, na nilishindwa kuchagua kifaa ambacho mwanamke mwenye miwani alikichagua kwa kukigeuza mkononi.

Muhula ulipokwisha mkataba wake haukuandikwa tena. Bodi zililetwa dukani kwangu katika kartoni moja, na gari la skuli, bila barua. Nililibeba mwenyewe kutoka mlangoni. Mgongo unakumbuka makartoni.

Nilidhani nitazikuta zimetupwa tupwa, waya juu ya waya. Kila moja ilikuwa ndani ya mfuko wake wa kitambaa cheupe, umeshonwa kwa mkono, mshono mdogo mdogo, ili watoto wasiziweke wazi juu ya meza za chuma zikaungua. Mifuko kumi na tatu. Nilikuwa nimeshika wa tatu au wa nne ndipo nilipoona mmoja umefungwa kwa kishada kirefu, kile kinachoning'inia shingoni mwa dishdasha. Nikakitambua. Zilikuwa dishdasha zangu kuukuu, alizomwomba mke wangu bila kuniambia. Kishada kile nilikuwa nakitia udi kila asubuhi mwaka ule nilipofungua duka. Alikiacha kusudi, kiwe kamba ya kufungia mfuko.

Nilichomeka bodi moja kwenye skrini ya dukani. Ikawaka. Pembeni ikaandika saa yake: kumi na dakika hamsini na mbili. Yaani kwetu ni saa tano kasoro dakika nane, asubuhi, hata kama ilikuwa saa ya kubahatisha kama za wenzake. Kwa bodi ile kamati bado imekaa, na mimi bado niko njiani. Niliitazama ikaenda dakika moja, ikaenda ya pili. Visaa vilikuwa kwenye droo chini ya diploma. Kuvitia ni kazi ya robo saa kwa fundi kama mimi, na sijui fundi mwengine Maskati angeifanya kwa haraka zaidi. Sikuvitia. Nikaizima bodi, ili isiendelee zaidi ya hapo.

Dada amekwenda Unguja. Alisema anakwenda kutembea tu, kwa binti wa mama mdogo, na mimi ndiye niliyempeleka uwanja wa ndege. Siku moja kabla aliniambia saa ya ndege kwa Kiarabu. Alisema taratibu, kila neno pahala pake, akaongeza "sabahan," asubuhi, kama anavyosema mtu na dereva asiyemjua. Nikafika kwake mapema kwa saa moja na nusu. Akasema shukran.

Tangu hapo, likija jambo la saa, ananitajia kwa Kiarabu. Mengine yote ni Kiswahili: mvua, bei ya karafuu, nani kaoa, jino lake. Ikifika saa anabadilisha, na sauti yake inakuwa ya adabu. Bwana Diploma hajaniita tena.

Wiki iliyopita nilimpigia kutoka dukani. Nikamuuliza saa ngapi sasa huko, ingawa najua, tunapishana nao saa moja tu. Akaanza, "As-saa..."

"Dada," nikasema, "niambie kwa Kiswahili."

Nikasikia nyuma yake mtu anatwanga kitu, na jogoo asiyejua wakati wake.

"Utaelewa?" aliuliza.

"Ntaelewa."

Akasubiri kidogo, kama anayepima waya kama utaingia. Kisha akaniambia anasikia adhana ya adhuhuri, anakwenda kutawadha, tutazungumza siku nyengine. Saa hakuitaja.